Risasi za Zawadi

Asubuhi ile nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba changu cha Ibra, huku Omani, nikatia nguo kwenye begi, nikatoka. Sikuwa na safari. Kazi ya kufunga matangi ya maji ilikuwa imekwisha, chumba kilikuwa kimenichosha, na miguu yangu ikianza kuwasha haisikii la mtu. Shule niliiacha mapema kwa sababu hiyo hiyo: walitaka nikae, na kukaa ndiko nisikokuweza. Nikajiambia nitasimama barabarani, na gari la kwanza litakalonichukua ndilo litakaloamua, Nizwa au Sur.

Lililosimama lilikuwa pikapu nyeupe yenye mbuzi wawili nyuma, wakubwa kama ndama, masikio yao yakining'inia kama taulo. Kioo kikashuka.

"We mtu wa bara," sauti ikasema. "Bado unazurura tu?"

Nilimtambua kabla sijainama kumwangalia. Alikuwa Rakibu, na mimi nilikuwa nimeapa kutosema naye tena.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu mdomo ulitangulia na hasira ikachelewa.

"Marahaba. Panda. Nakwenda Ras al Hadd, mbele ya Sur, kwa Bi Salma."

Angetaja jina jingine lolote nisingepanda. Kwa jina hilo nikapanda, na mlango nikaubamiza hadi mbuzi wakaruka.

Rakibu si jina lake. Ndicho cheo alichostaafu nacho, usajini, baada ya kukaa miaka yake yote ya jeshi kwenye ghala la bunduki, akizisafisha, akizirekebisha na kuwatukana waliozichafua. Kijiji chake kizima, Samad Ash Shan, kilimwita hivyo, hata watoto wa dada yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja mjini, cha zamani, kilichopigwa pasi. Changu ni cha wazee wangu waliotoka Kigoma, na yeye alikuwa akikicheka waziwazi. "Kiswahili chenu kina vumbi," alikuwa akiniambia. "Kikung'ute kabla hujaingia nacho nyumbani kwangu." Lakini pale kijijini wanaume wengi walisema Kiarabu tu, kwa hiyo alipotaka kusema jambo lisilopaswa kusikiwa na wengine, alinisemea mimi. Ndiyo maana nikayajua niliyoyajua, na ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kupungulia.

Nilikaa kwake mara nyingi, miezi hii, miezi ile, kila nilipopata kibarua upande wa Mudhaibi, wilaya yao. Nilimpenda kwanza kwa sababu alikuwa na jambo moja ambalo mimi sikulijua, na mtu mwenye jambo nisilolijua hunishika kama gundi. Jambo lenyewe ni hili: si kila risasi inafaa kila bunduki, hata ikiingia sawasawa na kulia sawasawa.

Alinifundisha kwenye baraza yake, bunduki ikiwa tupu, bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, imetolewa. Ndani ya mtutu, alisema, mna mifereji iliyojipinda kama uzi wa skrubu. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi inapopita. Mtutu mmoja unaizungusha mara moja kwa kila inchi kumi na mbili, mwingine mara moja kwa inchi nane, mwingine saba. Akachukua ufito wa kusafishia, akauvisha kitambaa kilichobana, akaufunga uzi mwekundu karibu na mkono, akausukuma polepole. Uzi ukaanza kuzunguka wenyewe. Uliporudi pale ulipoanzia, akapima ufito ulivyoingia. Inchi kumi na mbili.

"Umeona? Mtutu umesema. Sasa wewe unataka kuulisha nini?"

"Risasi nzito," nikasema. "Iue vizuri."

Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Ulicheza pia utotoni?"

"Nilicheza."

"Pia fupi ukiivuta kamba kidogo inasimama. Pia ndefu je?"

"Inataka kuvutwa kwa nguvu zaidi. La sivyo inayumba, inaanguka."

"Basi usiniulize mimi tena. Uliza mtutu."

Risasi za bunduki moja zote zina unene mmoja, kwa hiyo iliyo nzito zaidi ndiyo iliyo ndefu zaidi, na iliyo ndefu inataka kuzungushwa upesi zaidi. Uzito wake hupimwa kwa gireni, kitu kidogo kama punje ya shayiri. Mtutu wake wa kumi na mbili ulipenda za gireni hamsini na tano au chini yake, na kwa hizo alimpiga mbweha mwizi wa kuku kutoka ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, mbweha akalala palepale kama aliyechoka. Ukiulisha sabini na saba, risasi inatoka ikipepesuka, inafika kwa ubavu, na inaweza kufika popote.

"Uliza mtutu" ulikuwa ndio usemi wake. Aliusema kwa fundi bomba aliyeleta koki isiyolingana na uzi wa paipu. Aliusema kwa kijana mmoja wa Ibra aliyekuja kwenye shabaha na bunduki mpya ya mzunguko wa inchi saba, akailisha virisasi vyepesi mno vya ganda jembamba, na kila akipiga, ubao haupati kitu, hewani tu panabaki kijimstari cha kijivu.

"Shetani anazila!" kijana akalia.

"Shetani ana kazi nyingine," Rakibu akamwambia. "Wewe ndiye unayezizungusha hadi zinapasuka. Kibeberu cha siku tatu unakifunga kwenye injini ya lori! Uliza mtutu, baba, uliza mtutu!"

Watu walicheka, kijana akaondoka karibu na kulia. Rakibu hakujali. Alikuwa na mdomo mbaya, na aliuona ubaya huo kuwa ni usafi. Alimwambia imamu kwamba kipaza sauti chake kina kutu. Alimwambia shemeji yake, mbele ya wageni, kwamba gari alilonunua ni jeneza lenye kiyoyozi. Kahawa ikija haina moto aliimwaga mchangani bila neno. Mimi niliupenda mdomo ule. Niliamini kwamba mtu asiyeogopa kumkera yeyote hawezi kuogopa kusema kweli. Kumbe ni mambo mawili tofauti.

Alikuwa na huruma ya ajabu vilevile. Mnyama, alisema, ana haki ya kufa mara moja. Siku moja jirani alimjeruhi mbweha kwa bunduki ya zamani na kurudi nyumbani kula. Rakibu alipopata habari, alimfuata yule mbweha kwenye mawe tangu asubuhi hadi alasiri, akammaliza, akarudi midomo imepasuka kwa kiu. Alipita moja kwa moja hadi mlangoni kwa yule jirani, akamwambia, "Chakula chako kilikushuka vizuri?"

Na alikuwa mjinga wa mbuzi. Hili nalisema kwa sababu litarudi. Ijumaa alikuwa akinichukua Nizwa, kwenye soko la mifugo, pale wauzaji wanapozungusha wanyama wao katikati ya watu na wanunuzi wakipiga kelele. Mtu yule yule aliyepima ufito kwa uzi mwekundu alikuwa akinunua mbuzi kwa macho. Mkubwa kuliko wote, basi. Mwenye masikio marefu kuliko wote, basi. Hakuuliza ametoka wapi wala amezoea kula nini. Aliwaleta Samad wakaharisha, wakakonda, na mwaka uliofuata alinunua wengine wakubwa zaidi. Nilimwambia mara moja, "Uliza mbuzi." Hakunisemesha hadi Jumapili.

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Sikukuu ya Idi, wanaume wa mtaa walikusanyika kwenye sabla, ule ukumbi wao wa kuzungumzia na kupokelea wageni. Halua ilipita, kahawa ikapita. Mzee wa sabla, mtu aliyeheshimiwa na wote na ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa figo, akamwita Rakibu mbele, akampa kasha la risasi. Wenzake walichangishana, mwenye duka akaliagiza kwa kibali, likaja.

"Nilimwambia mwenye duka anipe nzito kuliko zote alizo nazo," mzee akasema. "Rakibu si mtu wa kupewa kitu chepesi."

Ukumbi mzima ukafurahi. Hebu fikiria. Miaka na miaka amewapigia kelele watu hao hao kuhusu pia fupi na pia ndefu, na wao kwa heshima yao, kwa mapenzi yao, wamemletea risasi ambazo bunduki yake haiziwezi. Kwa sababu zawadi haipimwi kwa mtutu. Zawadi hupimwa kwa mtu, na mtu mzito hapewi chepesi. Hakuna pahala pengine duniani ambapo kosa hilo lingefanywa kwa upole namna ile.

Nilikuwa nimekaa karibu na viatu, mlangoni. Nilimwona akilifungua kasha, akiitoa moja, akiipitishia kidole gumba kutoka kitako hadi ncha. Alijua. Niliuona ukope wake mmoja ukicheza. Nikangoja ule mdomo. Nikangoja "uliza mtutu".

Akainama, akambusu mzee kwenye paji la uso, akasema kwa sauti iliyofika hadi nje, "Wallahi, tangu leo bunduki yangu haitakula nyingine ila hizi."

Tulipotoka nilimshika mkono. "Umesema nini?"

"Nimesema neno la adabu."

"Zitakwenda zimenyooka?"

"Hata moja."

Kesho yake tukashuka wadini, pale kilima kinapozuia risasi, akasimamisha kadibodi. Kwanza alipiga zake za zamani, zilizobaki kwenye bunduki kabla ya kiapo, ili kuzimaliza, alisema. Matundu ya duara, yamekaribiana, ungeyafunika kwa kikombe cha kahawa. Kisha akapiga zile za zawadi. Ya kwanza haikugusa kadibodi kabisa. Ya pili ilitoboa pembeni tundu refu, na kwenye tundu hilo ungeweza kuona umbo lote la risasi, ncha upande huu na kitako upande ule, kama iliyojilaza kwenye karatasi ikachorwa. Ya tatu vilevile, mbali na mwenziwe kwa urefu wa mkono.

Aliitazama kadibodi muda. "Ukimpiga mnyama na hii," akasema, "unamvunja mguu na kumwachia dunia nzima ya kuburura." Akaikunja, akaitia chini ya kiti cha gari, bunduki akaenda kuitundika ukutani.

Na hapo, wakati bunduki imetundikwa, wakaja mbwa.

Walikuwa mbwa koko, kundi, waliozoea majalala ya barabara kuu na sasa wamegundua mazizi. Alfajiri walikuwa wakishuka na wadi. Aliyeumizwa nao kwanza ni Bi Salma, jirani wa ukuta mmoja na Rakibu, mjane, watu wake wa Pemba. Alikuwa na mbuzi wadogo wa kienyeji, kila mmoja na jina lake, na maisha yake yote yalikuwa hapo: maziwa asubuhi, vijana wa mbuzi kwa sikukuu. Mtoto wake mmoja tu, binti, aliolewa Ras al Hadd. Bi Salma alikuwa akisema hatahamia kwa mkwe maadamu ana mbuzi wake mwenyewe wa kumwamsha.

Kibali cha kuwapiga mbwa wale alikuwa nacho Rakibu peke yake pale mtaani, na kilitaja bunduki ile ile, namba yake ile ile. Hakuweza kuazima nyingine.

Bi Salma alikuja getini, kanga imefungwa kiunoni.

"Rakibu! Wamemchukua Zabibu. Bunduki unayo, karatasi unayo. Unangoja nini?"

"Upepo, Bi Salma. Upepo si mzuri."

Akarudi tena wiki iliyofuata. "Wamechukua wawili. Upepo bado?"

"Macho yangu siku hizi…"

"Macho! Jana, ukiwa juu ya dari, umemwona mwana wa dada yangu akiiba ndimu zako!"

Nilikuwa nimesimama ndani, nikasikia kila neno. Nilisikia sauti ya yule mwanamke ikipungua kila anapokuja. Mara ya mwisho hakupiga kelele. Alisema tu, "Wanasema unawaogopa mbwa, Rakibu. Mimi nimewaambia si kweli. Niambie nimesema kweli." Na yeye, mtu mwenye mdomo wa msumeno, akageuka, akamwacha getini.

Nilimvaa alipoingia ndani.

"Nunua risasi nyepesi! Leo!"

"Nimeapa."

"Kiapo kina kafara. Lisha maskini kumi, yamekwisha. Hata mimi niliyekimbia chuo cha Kurani nalijua hilo."

"Kafara ni baina yangu na Mungu," akasema. "Mungu nitamlisha maskini kumi, ishirini. Na mzee? Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake nimeitupa kwa sababu hakujua? Mbele ya watu aliowachangisha? Mtu mgonjwa?"

"Mwambie kwamba bunduki haiziwezi. Si unawaambia watu hivyo kila siku?"

"Watu si yeye."

"Basi mwambie Bi Salma kwa nini hupigi."

"Atasema kwa watu. Itamfikia."

"Na mbuzi wake?"

Akaanza kusafisha bunduki isiyopigwa.

Mwezi ule ule mzee wa sabla alipelekwa India kutibiwa, akafia huko. Mungu amrehemu. Nilidhani, haya, sasa mlango umefunguka. Nikamfuata Rakibu baada ya matanga. Akaniambia, macho makavu, "Sasa ndiyo haiwezekani kabisa. Aliye hai angeweza kusema nimekusamehe."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile. Ningeweza kumwambia Bi Salma mwenyewe, lakini aliyekuwa na deni la maneno ni yeye, na nilitaka ayatoe yeye. Alikuwa sawa kwa kila kitu, hilo ndilo lililonichoma. Sawa kuhusu risasi, maana risasi ile ingemjeruhi mbwa na kupotelea kwenye mashamba ya watu. Sawa kuhusu heshima ya mzee. Aliupanga usawa wake pande zote kama matofali, akajifungia katikati, na nje ya ukuta ule mwanamke alikuwa akiliwa mali yake mbuzi mmoja mmoja.

Asubuhi waliyomkuta Marashi, mbuzi wake wa maziwa, amepasuliwa tumbo karibu na kisima na bado anahema, Bi Salma hakuja getini. Alimaliza kazi mwenyewe kwa kisu. Mimi nilimwambia Rakibu, "Mnyama ana haki ya kufa mara moja, sivyo?" nikachukua begi langu. Baadaye nikasikia Bi Salma ameuza waliobaki, amefunga nyumba, amehamia kwa mkwe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani mle ndani ya pikapu, na barabara ya Sur ilikuwa ndefu.

Tulipita njia ya kwendea Wadi Bani Khalid. Kisha akasema, kama anayetoa habari njema, "Nimebadilisha mtutu."

"Umefanya nini?"

"Mtutu. Kibali kilichukua muda, wallahi, karatasi juu ya karatasi. Mpya ni wa inchi nane. Zile za zawadi sasa zinakwenda zimenyooka kama uzi. Matundu ya duara! Nimewapiga mbwa wote. Hakuna mbwa Samad."

Nilimwangalia. Alikuwa akitabasamu. Kweli alikuwa akitabasamu.

"Na mbuzi wa Bi Salma, wapo?" nikauliza.

Tabasamu likaondoka.

"Umebadilisha chuma," nikamwambia, na sauti yangu ikajaza gari. "Umekwenda kuomba karatasi, umengoja, umelipia chuma kipya kitoke ng'ambo, ili usitamke neno moja! Neno moja, Rakibu! 'Ahsanteni, hazifai kwa bunduki yangu.' Ungelisema siku ile wangecheka, wangekuletea nyingine, mzee angekupiga kofi la mgongo. Ilikuwa rahisi kwako kung'oa mtutu kuliko kung'oa aibu!"

"Usipige kelele, unawatisha mbuzi."

"Mbuzi wa nani hawa?"

"Wake. Zawadi. Nimewatoa Nizwa. Waangalie walivyo. Hakuna wakubwa kuliko hawa soko zima."

Nikageuka kuwatazama kupitia kioo cha nyuma. Wale wanyama wakubwa, waliolishwa majani mabichi na nafaka, walikuwa wakihema kwa joto, masikio yakiburuzika kwenye kinyesi chao. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Aende tu, nikasema moyoni.

Ras al Hadd tulifika saa za adhuhuri. Nyumba ya mkwe ilikuwa karibu na pwani, ua mdogo wa mchanga, ukuta wa matofali, harufu ya samaki. Pembeni kwenye turubali walianikwa dagaa, na mbuzi watatu wa majirani, wadogo, weusi, wenye miguu kama vijiti, walikuwa wakila dagaa wale kana kwamba ni karanga. Bi Salma alikuwa amekaa kivulini akichambua nyavu. Binti yake alisimama mlangoni na wanawake wawili wa jirani.

"Shikamoo, Bi Salma," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Kisha akamtazama aliye nyuma yangu. "Rakibu. Upepo umekuwa mzuri?"

Yeye akaanza mara moja. Alishusha mlango wa nyuma wa pikapu, akawavuta mbuzi, akazisifu ngozi zao, maziwa watakayotoa, kizazi chao. Akahamia kwenye mtutu mpya, inchi nane, mbwa wamekwisha. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililokatika, na lile lililotakiwa halikuwamo.

"Mwambie," nikasema.

"Nitamwambia kwa wakati—"

"Mwambie, au naeleza mimi hapa hapa, kwa Kiswahili changu cha vumbi."

Akasimama. Kofia akaivua, akaivaa. Kisha akaeleza, akiangalia mchanga: Idi, kasha, paji la uso la mzee, kiapo, kadibodi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema jambo bila kulipamba kwa tusi. Halikuwa refu.

Bi Salma alingoja hadi mwisho. Mikono yake haikuacha nyavu.

"Kwa hiyo haukuwa woga wa mbwa," akasema.

"Hapana."

"Mimi niligombana na watu kwa ajili yako. Nikisema, Rakibu haogopi. Nikarudi ndani nikajiuliza, basi nimemkosea nini? Mwaka mzima hapa nimekaa najiuliza nimekukosea nini." Akaweka nyavu chini. "Kumbe Marashi wangu ameliwa na adabu."

Mmoja wa wale mbuzi wakubwa alinusa dagaa, akapiga chafya, akarudi nyuma hadi kamba ikakaza.

"Pokea hawa," Rakibu akasema, sauti ndogo. "Tafadhali. Mbele ya watu hawa, pokea."

Bi Salma akainuka. Akamzunguka mbuzi mmoja, akamshika ziwa, akamtazama meno, akamtazama kwato, kama nilivyomwona mtu mwingine akikagua bunduki. Wanawake mlangoni walikwisha kuanza kutabasamu, wakingoja zile sifa na dua ambazo lazima zije.

"Ahsante," akasema. "Siwataki."

Binti yake akashtuka. "Mama!"

"Siwataki. Hawa watataka majani kila siku na hapa majani yako wapi? Dagaa hawali, umewaona. Jua hili litawaua kabla ya Ramadhani. Ni wazuri, ni wakubwa, na si wa hapa. Wachukue." Akampangusa Rakibu unyoya wa mbuzi begani, taratibu, kama anayemtoa mtoto vumbi. "Umeona? Nimesema. Nani amekufa?"

Niliutazama uso wa Rakibu. Nilitaka kuuona ukivunjika, sitaki kudanganya. Haukuvunjika. Ulikaa wazi tu, kama nyumba iliyotolewa mlango. Akawapandisha mbuzi wake tena, mmoja mmoja, mwenyewe, akakataa nisaidie. Akafunga mlango wa pikapu, akaingia, akawasha injini. Kisha akaizima, akatoa kichwa dirishani.

"Bi Salma. Mbuzi wa hapa wanaletwa kutoka wapi?"

"Sasa ndiyo unauliza," akasema yeye, na akarudi kukaa kwenye nyavu zake. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Kuna mtu ng'ambo ya bandari anauza. Wadogo. Majike. Usilete dume."

Pikapu ikaondoka, wale wakubwa wakilia nyuma. Mimi nilibaki nimesimama na begi, nikijua kwamba hasira yangu haijakwisha na huenda isiishe. Sikuwa na mahali pa kwenda. Niliuliza kama pale kijijini pana chumba cha kupanga.

"Pana banda langu nyuma," Bi Salma akasema. "Nililijengea mbuzi ambao sikuwapata. Limefagiliwa. Lina dirisha." Akanitazama kwa mara ya pili tangu nifike. "Lakini kama hulitaki, sema."

"Nalitaka," nikasema, nikaingiza begi.